Jiwe la Mpaka wa Sabato

Jumatano, 24 Aprili. Siku ya kwanza ya kuhesabu.

Nafungua daftari hili mimi Shedrack, mwandishi wa barua na maombi, mkulima wa majaruba manne ya mpunga upande huu wa Ubaruku, na katibu wa jamaa yetu ya familia saba zinazoishika Torati. Tangu jana jioni tumeanza kuhesabu siku arobaini na tisa zinazotoka Pasaka kwenda Sikukuu ya Majuma. Kila jioni, nyota zikitoka, tunasema baraka, kisha tunaitaja siku. Zamani za Hekalu hesabu hiyo ilianza kwa mganda wa kwanza wa shayiri kupelekwa kwa kuhani. Sisi hatuna Hekalu wala shayiri. Tuna mpunga, nao umeanza kuinamisha vichwa.

Pasaka ilikwenda kwa utaratibu mwema. Mke wangu Tumpe alikanda unga wa ngano na kuuoka kabla ya dakika kumi na nane kutimia, usije ukaumuka. Kwa kukumbuka uchungu wa utumwa tulikula mnafu, mboga chungu ya huku. Mwanakondoo hatukumchinja. Mwalimu wetu Aroni, anayetufundisha kwa simu kutoka Arusha, ametujulisha kwamba sadaka ya Pasaka haichinjwi pasipo Hekalu. Sisi tumeichinja miaka minne mfululizo.

Mzee Ezron, kiongozi wetu, aliyekuwa seremala Iyunga kabla ya kuhamia huku, alisema, "Basi miaka minne tumekula mchuzi tu."

Ijumaa, 26 Aprili. Siku ya tatu.

Wayahudi wa nchi nyingine hula wali siku za Pasaka, wa nchi nyingine hawali. Kikao kimeamua kwamba tule. Tumpe aliuliza, "Na mngeamua tusile, Baba Eveline, tungekula nini?" Swali hilo halikuingizwa katika muhtasari.

Jumatano, 1 Mei. Siku ya nane.

Leo nimepima mpaka wa Sabato. Siku hiyo mtu haruhusiwi kutoka nje ya makazi yake zaidi ya dhiraa elfu mbili. Nilianzia nyumba ya mwisho nikahesabu hatua kwa uaminifu, na hesabu ilipokwisha nikasimika jiwe kando ya mfereji na kulipaka chokaa. Shamba langu liko mbele ya jiwe, hatua mia mbili hivi. Kwa hiyo siku ya Sabato tunaliona, lakini hatulifikii. Nimeona hilo ni jambo la kupendeza.

Jumatatu, 6 Mei. Siku ya kumi na tatu.

Mundu umeingia. Torati inamkataza mkulima kuvuna pembe za shamba lake, kuokota masuke yaliyoanguka, na kurudia mganda aliousahau. Vyote ni haki ya maskini na mgeni. Wazee wa kale waliweka kiwango kwamba pembe isipungue sehemu moja katika sitini. Mimi nimeacha zaidi, na katika kila pembe nimesimika kijiti chenye kitambaa cheupe.

Kwa bahati mbaya walinzi wa mashamba ya mfereji wetu wametangaza kwamba mtu yeyote atakayekutwa na kiroba ndani ya majaruba kabla ya mavuno kufungwa atahesabiwa kuwa mwizi. Kiongozi wao ni Sedekia, jirani yangu wa mpakani, mwenye majaruba kumi na moja.

Aliyekuja wa kwanza katika pembe zangu ni Vitus. Ni mtu wa makamo kutoka Ilula. Alilima nyanya huko hadi shamba alilokodi likachukuliwa na mwenyewe, akaja huku kutafuta vibarua. Mwaka jana pawatila, trekta dogo la kushika kwa mikono, ilimpindukia ikamvunja mguu, ukaungana vibaya. Magunia hawezi tena kubeba, ila kuokota masuke anaweza, kwa kukaa chini na kujisogeza.

"Mwandishi," aliniambia, "huyo Mungu wenu mbona anayajua mambo ya shambani hivyo? Amewahi kuwa kibarua?"

Nilimweleza kwamba watu wake walikuwa vibarua Misri.

"Ndiyo maana," akasema. "Aliyewahi kushika jembe la mwenzake haachi kuonekana."

Nimemwandikia mwenyekiti wa kitongoji ombi rasmi ili waokotaji watambuliwe. Ninalitazamia jibu jema, kwa kuwa hoja zimepangwa vizuri.

Jumapili, 12 Mei. Siku ya kumi na tisa.

Jana wakati wa kusoma Torati tulirushiwa mawe. Mawili yalianguka juu ya bati. La tatu lilipita dirishani likampasua Tumpe juu ya jicho. Tulikubaliana, kama ilivyo desturi yetu, kutofanya jambo lolote hadi Sabato itoke. Hakuna aliyetoka nje, hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyempeleka kushonwa. Nilimfunga kitambaa tukaendelea. Mzee Ezron alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona jamaa iliyotulia namna ile, nami nilijisikia fahari.

Leo asubuhi ameshonwa nyuzi saba. Njiani kurudi alisema, "Nilikuwa nimeshika damu kwa mkono, nawe unageuza ukurasa."

Nilimjibu kwamba niligeuza kwa kuwa ukurasa ulikuwa umekwisha. Aliharakisha hatua akanitangulia hadi nyumbani.

Jumatano, 15 Mei. Siku ya ishirini na mbili.

Wezi waliingia kwa Sedekia wakachukua miganda ya jaruba zima. Mlinzi mmoja alikatwa panga mkono, mfupa ukaonekana. Watu wamekasirika, na wana haki ya kukasirika.

Ijumaa, 17 Mei. Siku ya ishirini na nne.

Sedekia alikuja nyumbani na rungu lake begani.

"Hodi kwa Waisraeli!"

"Karibu kwa waliopasuliwa," Tumpe alimjibu, akiendelea kupeta mchele.

"Mama Eveline, mawe hayana mwenyewe."

"Mkono unaye mwenyewe."

Alicheka, akanigeukia mimi kwa lile jina lake la kunidhihaki. "Musa, nisikilize. Ziondoe hizo pembe. Fyeka shamba lote kama watu wengine. Ukiacha mpunga umesimama unafuga wezi, na hao wezi ndio waliomkata mlinzi wangu."

Nilimjibu kwamba pembe si zangu. Tangu mundu wa kwanza Torati imeziondoa mkononi mwangu.

"Si zako?"

"Si zangu."

"Basi nikimkuta mtu humo sina haja ya kukuuliza wewe." Alisimama. "Halafu Jumamosi ninyi ni maiti wenye pumzi. Mawe yanaanguka, hakuna hata mmoja anayechungulia. Huku wote wanajua."

Alipokwenda, Tumpe aliweka ungo chini. "Umesikia alichosema?"

Nilisema nimesikia. Nilikuwa nikilifikiria ombi langu kwa mwenyekiti.

Jumatatu, 20 Mei. Siku ya ishirini na saba.

Ombi limekubaliwa! Mwenyekiti amegonga muhuri juu ya barua yangu bila kubadili neno. Nimempa Vitus nakala, naye ameitia katika mfuko wa plastiki na kuishonea ndani ya koti.

Leo mchana walinzi waliwacharaza waokotaji wawili wanawake katika shamba la mtu mwingine. Mmoja amevunjika vidole vitatu alivyojikingia. Hawakuwa na barua.

Alhamisi, 23 Mei. Siku ya thelathini.

Majaruba matatu yamekwisha. Pembe zimesimama. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 26 Mei. Ni siku ya thelathini na tatu.

Jana jioni sikuhesabu. Mtu akiruka siku moja huendelea bila kusema baraka, na hivyo ndivyo nitakavyohesabu hadi mwisho. Kwa desturi leo maombolezo ya majuma haya ya kuhesabu husimama, na wanaume hunyoa nywele walizoziacha tangu Pasaka. Sikunyoa.

Naandika mambo kama yalivyofuatana.

Jana tulikuwa tumemaliza kusoma na kula. Yapata saa kumi kasoro nilisikia mapigo ya fimbo kutoka mashambani, mapigo ya watu kadhaa wakipokezana. Nilijiambia kwamba ni watu wanapiga mpunga. Majira haya sauti hiyo iko kila upande. Lakini mpunga hupigwa juu ya turubai na sauti yake ni kavu. Hii haikuwa kavu. Niliitambua kwa pigo la tatu, nami nikaendelea kukaa.

Tumpe alisema, "Baba Eveline, huo si mpunga."

Niliondoka kwa kutembea. Sikukimbia, kwa kuwa hata kukimbia siku ya Sabato kumekatazwa. Simu niliiacha kabatini. Nilifika kwenye jiwe langu la chokaa, nikasimama hapo.

Kutoka pale niliona yote. Walikuwa wanane au tisa. Vitus alikuwa amepiga magoti ndani ya pembe ya shamba langu, kijiti cha kitambaa cheupe kando yake, na koti lake limechanwa. Sedekia alishika barua yangu. Aliisoma kwa sauti kubwa, akiniigiza, "Kwa heshima na taadhima," wenzake wakicheka. Kisha akaikunja, akamtia kinywani, akaisukuma kwa mpini wa rungu. Yalitoka meno, yakatoka na vipande vya karatasi. Mtu mmoja alikuwa na shoka. Hakulitumia kwa makali. Aliligeuza akampiga kwa kisogo cha shoka kwenye mguu ule mbovu, tena na tena, kama apigaye kigingi. Wengine walimpiga mgongoni na kichwani. Vitus alipaza sauti.

Nilipiga kelele, "Acheni!"

Sedekia alinyosha mgongo akaniona. Alitazama jiwe, akatazama miguu yangu.

"Vuka basi, Musa!" alisema. "Vuka bahari!"

Walicheka wote. Na mimi sikuvuka. Kati yangu na mtu yule palikuwa na hatua mia mbili za tuta kavu ambalo hulipita kila siku nikiwa na jembe begani. Sina hakika nilisimama kwa muda gani. Yule wa shoka alipumzika mara moja, akatema mate viganjani, akaendelea.

Aliyevuka ni Abdulkarim, mwenye mashine ya kukoboa. Alinipita pale pale penye jiwe akikimbia, hana viatu, kofia ya swala ingali kichwani, na nyuma yake wafanyakazi wawili na pawatila. Hakunitazama. Walinzi walitawanyika walipoona watu watatu wenye vyuma mikononi. Walimlaza Vitus juu ya tela. Uso wake haukuwa tena na mahali pa kuanzia kuutambua.

Leo asubuhi Abdulkarim alikuja akasimama mlangoni. Alikataa kiti.

"Amefariki alfajiri," alisema.

Nilisema maneno ya Torati yanayosemwa penye msiba.

"Nilikuwa rakaa ya pili ya alasiri," akasema. "Nikaikata. Kwetu mtu akiuawa unakata swala, unakwenda. Mtoto wa madrasa anajua hilo. Kwenu halipo?"

"Sijui."

"Hujui kwamba halipo, au hujui kama lipo?"

Alitazama vitabu vyangu rafuni, kimoja kimoja, kisha akaenda zake.

Jumanne, 28 Mei. Siku ya thelathini na tano, bila baraka.

Nilimwandikia Mwalimu Aroni maelezo kamili. Jibu lake lilikuja saa tano asubuhi. Nalinakili.

"Shedrack, kuokoa uhai kunaiondoa Sabato. Hiyo si ruhusa, ni amri. Unavunja Sabato moja ili mtu azishike nyingi. Ungevuka, ungepiga simu, ungebeba panga, ungewasha pikipiki, na usingehitaji kumwuliza mtu. Wazee wetu walisema anayekawia ili aulize kwanza amemwaga damu. Wala usiniulize kama mtu yule alikuwa mmoja wenu. Kosa langu ni kwamba niliwafundisha makatazo thelathini na tisa ya Sabato kabla ya kuwafundisha hili. Nilidhani mnalijua. Kila mtu analijua."

Nilimsomea Tumpe. Aligusa kovu lake juu ya jicho, akauliza, "Kwa hiyo hata mimi ungenipeleka?"

"Ndiyo."

Alikwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa bado imejaa.

Jumatano, 29 Mei. Siku ya thelathini na sita.

Jana jioni kulikuwa na kikao. Mzee Ezron alisema tunyamaze. "Sisi ni familia saba. Wakitugeukia, nani atavuka kuja kwetu? Marehemu amekwisha kuzikwa na dada yake kwao Ilula. Torati inasema pia, linda nafsi yako."

Nilimwambia kwamba Torati inasema aliyeona na asitoe ushahidi ataubeba uovu wake.

"Tena wewe, mwanangu," alisema kwa upole, "utawaambia polisi ulikuwa umesimama wapi?"

Leo nimekwenda kituoni. Nimewataja Sedekia, yule wa shoka, na mtu wa tatu ninayemfahamu. Askari alikuwa akiandika polepole. Alipofika mwisho aliuliza, "Marehemu alisema chochote?"

Katika daftari hili niliandika kwamba Vitus alipaza sauti. Maandishi hayo yana upungufu. Aliniita. Aliniona nimesimama penye jiwe akaniita kwa jina, "Shedrack!" Hakusema Mwandishi, kama alivyozoea. Damu na karatasi vilikuwa kinywani, lakini jina langu lilifika vizuri kabisa. Aliita mara nyingi. Mara ya mwisho aliita nusu yake.

Askari aliandika, "Aliomba msaada." Nikatia sahihi.

Ijumaa, 31 Mei. Siku ya thelathini na nane.

Usiku wa kuamkia leo wamechoma rundo langu la mpunga. Hata gunia moja halikubaki. Mishumaa ya Sabato tutaiwasha kama kawaida.

Jumapili, 2 Juni. Siku ya arobaini.

Jana mchana walikuja watano nyumbani kwa Mzee Ezron. Walidhani yeye ndiye aliyenituma polisi, kumbe ndiye aliyenizuia. Walivunja mlango kwa nyundo zake mwenyewe za useremala walizozikuta barazani. Tulisikia mkewe akipiga yowe.

Nilichukua simu kabatini. Kwa miaka mingi vidole vyangu havikuwa vimegusa kitu hicho siku hiyo. Nilipiga kituoni, nikampigia Abdulkarim, kisha nikakimbia nikiwa na fyekeo mkononi. Mtu mmoja alinitokea mlangoni na nondo. Nilimkata begani. Naandika hili bila kujisifu na bila kujuta: niliusikia mfupa. Naye akanipiga ubavuni nikaanguka juu ya maranda ya mbao. Mzee alikuwa chini ya benchi lake la kazi, mkono umevunjika mahali pawili, na mmoja wao alikuwa akitafuta nafasi ya kumpiga kichwani. Tumpe aliingia nyuma yangu na mwichi wa kutwangia, akampiga huyo kisogoni. Tulipiga tu, kama watu wenye kazi ya kumaliza kabla ya mvua, hadi gari la polisi lilipofika.

Walikamatwa wanne. Sedekia alikamatwa jioni akiwa anaoga.

Katika tela la pawatila, njiani kwenda kituo cha afya, Mzee Ezron alifumbua jicho. "Umepiga simu siku ya Sabato," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Alilia hadi tulipofika. Nilidhani ni maumivu ya mkono. Kisha akasema, "Na yule je?"

Jumatano, 5 Juni. Siku ya arobaini na tatu.

Mbavu mbili zimepasuka. Naandika nimekaa wima.

Nilimwuliza Mwalimu Aroni jambo moja lililobaki. Siku ya Kipuri, yaani siku ya upatanisho, tunafunga chakula na maji, na Mungu husamehe makosa kati yake na mtu. Lakini makosa kati ya mtu na mwenzake siku hiyo haiyafuti mpaka amridhishe aliyekosewa. Je, aliyekosewa akiwa amekufa?

Alijibu kwamba sheria ipo. Mkosaji huchukua watu kumi, huenda nao kaburini, na mbele yao hutaja kosa lake wazi, bila kulifunika. "Lakini, Shedrack," aliongeza, "ana ndugu walio hai. Usimpite dada yake ukaenda kwa kaburi."

Nimeandaa maneno. Nimeyaandika mara nne.

Jumatatu, 10 Juni. Siku ya arobaini na nane.

Tumelala Iringa, na leo asubuhi tumefika Ilula: mimi, Tumpe, Abdulkarim, na Mzee Ezron aliyekataa kubaki, mkono wake ukiwa ndani ya plasta.

Dada yake Vitus anaitwa Lusia. Anauza nyanya kando ya barabara kuu, ndoo zimepangwa mbele yake. Alituona tukishuka, akasimama na ndoo mkononi akidhani ni abiria wanunuzi.

"Kamwene," alitusalimu.

"Kamwene," nikajibu, na nikajitambulisha kwa jina kamili na mahali ninapotoka.

Aliweka ndoo chini. "Wewe ndiye mwenye shamba."

"Ndiye mimi."

"Mwenye barua."

Nilimweleza nilichokuja kufanya na kwamba sheria yetu inataka watu kumi. Sisi tulikuwa wanne, nami sihesabiwi.

"Wa nini kumi?" aliuliza. "Kosa lako ni zito, halibebwi na watu watatu?" Wanawake wauza nyanya waliokuwa kando yake walicheka kidogo, kisha wakaacha. Aliwaangalia. "Wanaume wako mashambani. Hawa ndio watu nilio nao. Wanafaa au hawafai?"

Najua kitabu hakiwahesabu wanawake katika wale kumi. Nikasema wanafaa.

Wauza nyanya saba waliacha ndoo zao barabarani bila mlinzi, tukapanda kilima kwa mguu. Kaburi lina msalaba wa mbao na taji la karatasi lililokwisha kuchakaa. Nilitoa maandishi yangu nikaanza kusoma: "Mbele ya Mungu wa Israeli na mbele ya mashahidi hawa kumi, mimi niliyetajwa hapo juu..."

"Iweke hiyo karatasi," Lusia alisema.

"Nimeiandaa kwa uangalifu."

"Ndugu yangu alikufa na karatasi yako kinywani. Iweke."

Niliikunja nikaitia mfukoni. Bila hiyo sikujua mikono iwekwe wapi. Nilisema kwamba nimemkosea Mungu wa Israeli na nimemkosea Vitus. Nilisema nilimwona akiuawa nikiwa mbali kwa hatua mia mbili, na sikwenda, kwa sababu nilidhani Mungu ameweka jiwe pale, kumbe ni mimi niliyeliweka. Nilisema niliyasikia mapigo tangu nyumbani nikajifanya mjinga ili niendelee kukaa. Nilisema mke wangu alinionya, na adui yangu alinionya kwa kinywa chake mwenyewe. Nilisema nilivuka kwa ajili ya Mzee huyu juma lililofuata, na kwamba wakati huo nilikuwa nimeambiwa inaruhusiwa, na kwamba sijui ningefanya nini kama nisingeambiwa. Nilisema aliniita.

Mama mmoja alijifuta pua kwa khanga.

Lusia alikuwa akitazama udongo. "Alikuitaje?"

"Shedrack."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa."

"Ukamjibu nini?"

"Niliwaambia wale watu waache."

"Sikukuuliza uliwaambia nini wao. Yeye ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

Aliinama akaondoa jani juu ya kaburi, akasimama tena. Alikuwa na uso ule ule wa Vitus, macho yaliyokaa mbali kidogo.

"Basi mwite," alisema.

Sikuelewa. Nilimtazama Mzee Ezron, naye akatazama pembeni.

"Mwite kwa jina lake. Yeye alikuita."

"Vitus," nikasema.

"Hivyo ndivyo alivyokuita? Umesema sauti kubwa."

"Vitus!"

"Toka shambani hadi kwenye jiwe lako ni mbali kuliko hapo ulipo hadi kaburini."

Niliita. Mbavu zilinichoma kama zimeingiwa na nondo kwa mara ya pili. Niliita tena. Kule chini barabarani abiria wa basi lililosimama waligeuza vichwa kutazama kilimani. Tumpe alinishika mkono nisianguke, hakunizuia. Niliita jina lake bila cheo, bila heshima na taadhima, bila neno mbele wala neno nyuma, hadi sauti ikakauka ikawa pumzi tu, na Lusia, aliyesimama mbele yangu mikono kifuani, hakuniambia niache.